Faili Ziwe Zetu: Programu za Windows Kwenye Kompyuta za Linux



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo mafundi wa mji huu huulizwa mara kwa mara. Mtu akiweka Linux kwenye kompyuta yake, zile programu zake za Windows atazifanyaje? Swali hili limeongezeka uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, lina masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ukiacha chache za kizazi cha 7. Sasa ingia duka lolote la kompyuta za mtumba hapa Eldoret. Utakuta HP EliteBook 840 G3, utakuta Lenovo ThinkPad T460. Ni mashine imara na skrini zake ni nzuri, ila prosesa zake ni za kizazi cha 6. Zina uwezo wa kuandika barua, kupiga hesabu na kufundishia kwa miaka mingi ijayo, lakini Windows 11 haizitambui.

Wenye mashine hizo hufanya moja kati ya mambo matatu. Wapo wanaoendelea na Windows 10 bila marekebisho ya usalama. Wapo wanaowekewa nakala ya kukraki, na programu nyingi za kuvunja leseni humtaka mtu azime kwanza kinga yake ya virusi; yaani anampa asiyemjua mamlaka yote juu ya mashine yenye hesabu za duka lake au tasnifu yake. Na wapo wanaofikiria Linux, kisha wanakwama kwenye swali lile lile la programu.

Hoja yangu ni moja, nami nitaisema mapema ili mnipime nayo. Programu nyingi za Windows huendeshwa kwenye Linux, na nitaeleza namna. Lakini kuhama huanza na faili. Mwenye faili zinazosomwa na programu zaidi ya moja huhama siku anayotaka. Mwenye faili zilizofungiwa ndani ya programu moja hahami, hata akipewa kompyuta mpya bure. Eneo hili letu lilijifunza jambo hilo miaka 20 iliyopita, kwa hiyo nitaanzia nyumbani.

Mosoriot na karani wa rekodi

Mosoriot iko kilomita 25 hivi kutoka hapa, kwenye barabara ya Kapsabet. Februari 2001 kituo cha afya cha pale kilianza kutumia kompyuta kuweka rekodi za wagonjwa. Mfumo huo ulikuwa tunda la ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na miongoni mwa walioujenga walikuwa Joseph Rotich wa Moi, Terry Hannan kutoka Australia na William Tierney wa Indiana. Vifaa vyake vilikuwa vichache: kompyuta mbili zilizounganishwa, kifaa cha kuzilinda stima inapopotea, na betri za sola za akiba. Programu ilijengwa juu ya Microsoft Access.

Matokeo yalionekana. Watafiti waliopima muda wa wagonjwa kabla na baada ya mfumo kuanza waliona kwamba ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22. Mwishoni mwa mwaka huo huo mradi wa AMPATH, uliokuwa ukianza kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, uliuchukua mfumo huo na kuupanua.

Hapo ndipo mipaka ilipoanza kuonekana. Faili ya Access haiwezi kuzidi GB 2, na haikubali zaidi ya watu 255 kwa wakati mmoja. Katika kazi halisi huanza kuyumba mapema kuliko hapo. Kliniki ziliongezeka, wagonjwa wakaongezeka, na madaktari kila mara walikuwa na maswali mapya ya kuingiza katika fomu zao. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walikuja Eldoret kusaidia, wakaona kwamba msingi wenyewe lazima ubadilishwe. Wakishirikiana na Hamish Fraser wa Partners In Health, walianzisha OpenMRS, mfumo ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Februari 2006 ulianza kazi hapa Eldoret kabla ya mahali pengine popote. Umeandikwa kwa Java, data zake zinakaa kwenye MySQL, na vyote viwili hufanya kazi kwenye Linux bila taabu.

Naomba tutazame kwa karibu meza ya karani wa wakati ule. Seva ilikuwa imeshakuwa huru. Lakini fomu alizojaza karani zilifunguliwa kwa Microsoft InfoPath, na InfoPath huendeshwa kwenye Windows pekee. Kwa hiyo kila kiti cha karani kilihitaji Windows, tena na leseni ya InfoPath juu yake. Mfumo uliotengenezwa uwe wa kila mtu ulibaki umefungwa kwa kamba moja mahali ambapo watu wengi zaidi waliugusa.

Kamba hiyo ilikatwa na watu wa Afrika Mashariki pamoja na wenzao. Daniel Kayiwa, mhandisi kutoka Uganda, aliandika moduli ya XForms iliyowezesha fomu zijazwe ndani ya kivinjari. Partners In Health wakatoa moduli nyingine ya fomu za HTML. Baadaye, Januari 2014, Microsoft yenyewe ikatangaza kwamba InfoPath 2013 ndiyo ya mwisho. Kliniki ambayo ingekuwa bado inaitegemea ingebaki na mamia ya fomu za programu isiyo na mrithi. Leo daktari anaweza kuifungua OpenMRS kwenye Windows, kwenye Linux au kwenye tableti, na KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Zingatieni mpangilio wa mambo. Rekodi za wagonjwa ziliweza kutolewa kwenye Access zikaingia MySQL kwa sababu majedwali yake yalisomeka. Faili zilihama kwanza, seva ikafuata, na meza ya karani ikawa ya mwisho.

Wine hufanya nini hasa

Si kila ofisi ina wahandisi wa kuiandikia mfumo mpya. Chama cha ushirika, shule ya binafsi au duka la vipuri huwa na programu moja ya Windows iliyonunuliwa zamani, na aliyeiandika huenda hapatikani tena. Kwa ofisi kama hiyo kuna Wine.

Kazi ya Wine ilianza mwaka 1993, Linux yenyewe ikiwa na umri wa miaka miwili tu. Bob Amstadt alikuwa kiongozi wa mwanzo, na tangu 1994 Alexandre Julliard ndiye anayeisimamia. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15. Muda huo mrefu unaeleweka ukijua ugumu wa kazi yenyewe: walioiandika hawakuruhusiwa kutazama msimbo wa Microsoft. Walisoma maelezo yaliyochapishwa, wakaandika majaribio, wakaona Windows inajibu nini, kisha wakaandika msimbo wao wenyewe unaojibu vivyo hivyo.

Mmeona katika makanisa ya mji huu mhubiri akisimama na mkalimani kando yake. Mhubiri anasema sentensi kwa Kiingereza, mkalimani anaitoa kwa Kiswahili au Kikalenjin, na ibada inaendelea. Hakuna anayemleta mhubiri wa pili. Wine ni mkalimani wa namna hiyo. Prosesa ya kompyuta ni ile ile, iwe Windows imewekwa au Linux, kwa hiyo maagizo ya kawaida ya programu huyafanya moja kwa moja bila kupoteza kasi. Kinachohitaji tafsiri ni maombi ambayo programu huupelekea mfumo: nifungulie faili, nichoree dirisha, nipelekee ukurasa huu kwenye printa.

Tuchukue mfano. Mhasibu anabofya faili ya .exe ya programu ya hesabu. Wine inaipakia kwenye kumbukumbu. Programu inaomba faili iliyoko C:\Hesabu\Wanachama.mdb. Kwenye Linux hakuna diski inayoitwa C. Wine inajua kwamba C ya programu hiyo ni folda iitwayo drive_c, iliyo ndani ya folda iliyofichwa ya .wine katika nyumba ya mtumiaji, nayo inaigeuza njia ile iwe ya Linux. Kuna jambo jingine dogo: Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, Linux inatofautisha. Programu ikiomba WANACHAMA.MDB, Wine inabidi ikague orodha ya folda hadi ipate jina linalolingana. Mipangilio ambayo Windows huiweka kwenye rejista yake, Wine huiandika katika faili za maandishi ya kawaida, system.reg na user.reg, ambazo fundi anaweza kuzifungua na kuzisoma.

Kwa sababu vitu vyote hivyo vimo ndani ya folda moja, fundi mwerevu hutenga folda yake kwa kila programu. Akitaka nakala ya akiba, ananakili folda. Programu moja ikiharibika, nyingine haziguswi. Programu iitwayo Bottles huifanya kazi hii kwa kubofya, kwa wale ambao hawapendi kuandika amri.

Kazi hii ina wafadhili wenye sababu zao. Kampuni ya CodeWeavers, inayouza CrossOver, imeajiri baadhi ya waandishi wakuu wa Wine. Agosti 2018 kampuni ya michezo ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, ili michezo ya Windows ichezwe kwenye Linux, na mwaka 2022 ikauza kifaa chake, Steam Deck, kinachotegemea kazi hiyo. Pesa za michezo zimeziba mapengo mengi ambamo hata programu za ofisini zilikuwa zikidumbukia.

Panapokwama

Sitawadanganya kwamba kila kitu hukubali. Programu ndogo na za zamani, zile za Visual Basic 6 au Delphi, mara nyingi huenda vizuri. Matoleo mapya ya Microsoft 365, ya AutoCAD na ya Photoshop huwa magumu, kwa sababu usakinishaji wake na ukaguzi wake wa leseni hutegemea sehemu za ndani sana za Windows. Kifaa cha USB kinachohitaji kiendeshi chake maalumu, kama ufunguo wa leseni au kisoma alama za vidole, kwa kawaida hakitapita kwa Wine, maana kiendeshi hicho kiliandikwa kwa ajili ya kiini cha Windows. Waandishi wa Wine wana orodha ya wazi ambamo watumiaji huzipa programu daraja: platinamu, dhahabu, fedha, shaba, na taka. Isome kabla ya kuahidi chochote kwa bosi wako, na utazame tarehe na toleo lililojaribiwa.

Usalama nao una masharti yake. Programu inayoendeshwa kwa Wine inaweza kugusa faili zote ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzigusa, kwa sababu Wine huionyesha diski nzima ya Linux kama diski Z. Kirusi kilichoandikwa kwa Windows kinaweza kuzifikia picha zako na hesabu zako kwa njia hiyo. Usiiendeshe Wine kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, wala usifungue .exe ambayo hujui ilikotoka.

Pale Wine inaposhindwa, kuna mashine pepe. Hapa unaisakinisha Windows nzima ndani ya Linux, kwa VirtualBox au kwa KVM, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007. Karibu kila programu itakubali, na vifaa vingi vya USB vinaweza kukabidhiwa mashine hiyo ya ndani. Gharama yake ni leseni halali ya Windows, RAM ya GB 8 ili kazi iende bila kuchosha, na nafasi kubwa ya diski. Maabara yenye kifaa cha kupimia ambacho programu yake haikuendelezwa baada ya Windows XP inaweza kuihifadhi hivyo, mradi mashine hiyo ya ndani ikatiwe intaneti kabisa.

Kuhama kwa utaratibu

Sasa niseme na mwenye ofisi yenye kompyuta kumi hivi. Usianze kwa kufomati. Chukua karatasi, andika kila kazi inayofanyika, si kila programu iliyopo. Barua. Mishahara. Ripoti za wanafunzi. Ushuru. Kwa kila kazi, andika faili zake ni za aina gani na nani mwingine anazipokea.

Kazi zinazofanywa kwenye kivinjari tayari zimehama. Kwa zinazobaki, anza kuzoea programu huria ukiwa bado kwenye Windows. LibreOffice inaendeshwa kwenye Windows na kwenye Linux, kwa hiyo mhazili anaweza kuizoea kwa miezi miwili bila kubadilisha kitu kingine. Ikumbukwe kwamba lugha yetu ilipata programu ya ofisi iliyo huria zamani: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Angalia fonti. Mwanafunzi anaandika tasnifu kwa Calibri kwenye Word, anaipeleka saiba yenye Linux kuichapisha, na kurasa zinahama: kichwa cha sura kinaangukia chini ya ukurasa na yaliyomo hayalingani na namba. Mara nyingi chanzo ni fonti iliyokosekana, si programu yenyewe. Fonti ya Carlito ina vipimo sawa na Calibri, Caladea na Cambria, na Liberation Serif na Times New Roman. Fundi akizisakinisha, kurasa nyingi hurudi mahali pake. Na kama kazi ni ya kuchapishwa tu, PDF humaliza mjadala.

Ushuru ni mfano mzuri zaidi. Kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni Wakenya hupeleka marejesho yao. Kwenye iTax, mfumo wake wa mtandaoni, Mamlaka ya Mapato imekuwa ikitoa fomu ya Excel yenye makro: unajaza, unabofya kitufe cha kuhakiki, fomu inatoa faili ya zip unayoipakia. Makro za Excel haziaminiki nje ya Excel. Lakini Mamlaka hiyo hiyo imekuwa ikitoa pia fomu ya ODS, inayofunguliwa kwa programu huria. Ofisi ya umma imeweka milango miwili, na raia anaingilia anaoweza. Hilo ni jambo la kusifiwa na kuigwa.

Kazi nyingine nazo zina mbadala: mwanafunzi wa kilimo anayechambua mavuno ya mahindi kwa programu ya Windows ana R, programu huria ya takwimu. Mwenye kuchora ramani ana QGIS. Programu yenyewe haina mbadala? Ijaribu kwa Wine kwenye kompyuta moja, kwa data za mwezi uliopita, na ulinganishe majibu senti kwa senti. Imeshindikana? Mashine pepe. Imeshindikana tena? Bakiza kompyuta moja ya Windows iliyo na leseni halali, na zile tisa zihame. Hakuna aibu katika hilo. Ofisi inayojua ni kazi gani hasa inaihitaji Windows imeshatoka kwenye utegemezi wa kipofu.

Wajibu wetu

Nimalizie kwa wajibu, maana mambo haya hayamalizwi na fundi peke yake.

Walimu wa somo la kompyuta, wanafunzi wetu wengi hujenga miradi yao kwa Access. Access inafundisha vyema jedwali ni nini na uhusiano wa majedwali ni nini, na Mosoriot ilianza nayo. Tafadhali waonyesheni pia namna ya kuyatoa majedwali hayo kwa CSV na kuyaingiza kwenye hifadhidata nyingine. Mwanafunzi aliyefanya hivyo hata mara moja haogopi tena kubadilisha programu.

Vijana mnaoandika programu katika vyumba vya kupanga kule Annex na Kesses, msiandike tena programu ya shule au ya zahanati inayokubali Windows pekee. Mteja wako leo ana kompyuta ya mtumba, kesho atakuwa na simu tu. Kivinjari kiko kwenye vyote viwili.

Na nyinyi mnaosimamia fedha za umma, kwenye kaunti, vyuo, hospitali na bodi za shule: kabla ya kutia sahihi ya kununua programu yoyote, ulizeni maswali matatu. Data zetu zitatolewaje siku tukiachana nawe? Faili hizo zitasomwa na programu gani nyingine? Programu hii itafanya kazi kwenye mfumo gani mwingine usio huu uliotuonyesha? Muuzaji ayajibu kwa vitendo, mbele yenu, kwa kutoa data halisi na kuzifungua kwenye kompyuta ya pili. Akishindwa, msilipe. Rekodi ya mgonjwa, alama za mtoto na akiba ya mwanachama wa ushirika ni mali ya wenyewe, na anayezitunza kwa niaba yao hana ruhusa ya kuzifungia mahali ambapo wenyewe hawawezi kuzitoa.